Misumari Umechora, Chombo Kiko Wapi?

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Mafia na mpango mkubwa kichwani. Babu yangu ni fundi wa vyombo pale ufukweni Kilindoni. Amejenga mashua na ngalawa tangu kabla mama yangu hajazaliwa, na hajawahi kutumia hata karatasi moja yenye vipimo. Mie nasoma uhandisi. Nikajisemea kwamba hii ndiyo nafasi ya kuiweka kazi ya mzee kwenye maandishi kabla mikono yake haijachoka kabisa. Nikafungasha tepu ya kupimia, kauntabuku mpya na simu niliyokuwa nimeifutia video zote za vichekesho ili ipate nafasi.

Siku ya tatu nikamwonyesha kazi yangu. Nilikuwa nimekaa juu ya gogo saa mbili nzima nikiichora mashua aliyokuwa anaijenga. Kila msumari upo. Kila mfuo wa ubao upo, hadi kipande cha kamba kilichokuwa kinaning'inia omoni. Babu akaishika kauntabuku mbali na macho yake, akaitazama, akacheka kidogo.

"Mke wangu," akasema, maana ndivyo anavyonitania tangu nikiwa mtoto, "misumari umechora. Chombo kiko wapi?"

Nilinuna, sitasema uongo. Saa mbili za jua zimeishia kwenye kicheko! Lakini usiku nikaufungua tena ule mchoro kwa mwanga wa simu, nikaona anachokisema. Mashua yangu ilikuwa imenyooka kama kabati la nguo. Haikuwa na tumbo wala mgongo. Nilikuwa nimeanza na msumari wa kwanza upande wa kushoto, nikahamia wa pili, nikaenda hivyo hivyo hadi mwisho wa karatasi, na hakuna dakika hata moja niliyosimama kukitazama chombo chote kwa pamoja.

Nimelileta swali la babu kwenye jarida letu kwa sababu nadhani si langu peke yangu. Ndugu zangu wanachuo, sisi tunasomea misumari. Tunameza desa ukurasa kwa ukurasa, tunaingia kwenye mtihani, tunaimwaga jinsi tulivyoimeza, na tukinusurika sapu tunamshukuru Mungu. Tukienda fildi tunarudi na picha mia nane kwenye simu. Mtu akituuliza, "Hebu nieleze, wale wavuvi wanavutaje wavu?" tunaanza kuitafuta ile picha. Tulikuwepo, lakini hatukuona.

Hoja yangu ni ndogo na naamini inatekelezeka. Kila mwanafunzi anayesoma kitu chenye umbo, iwe mmea, samaki, mwili wa mgonjwa, jengo, mashine au hata mpangilio wa soko, afundishwe kuchora kwa haraka. Sisemi awe msanii. Nasema ajifunze kukaa mbele ya kitu kwa dakika moja na kuondoka na umbo lake.

Uchoraji wenyewe ni upi

Usiku ule ule nilimtumia picha ya mchoro wangu rafiki yangu anayesoma sanaa. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, anacheka na yeye. Akasema, "Wewe umepewa saa mbili, ndiyo maana umeharibu. Kuanzia kesho una dakika mbili. Weka kengele ya simu, ikilia unageuza ukurasa, hata kama hujamaliza."

Wao darasani huanza hivyo. Mtu anasimama mbele, anakaa mkao mmoja kwa nusu dakika, kisha anabadilisha, kisha tena. Wachoraji hawapati muda wa kufikia macho wala vidole, kwa hiyo wanalazimika kukamata jambo moja tu: mwili ule unafanya nini. Mie nauita mchoro wa mwendo. Mwalimu aliyeufanya ujulikane sana ni Kimon Nicolaïdes, aliyefundisha kwenye chuo cha Art Students League mjini New York. Alifariki mwaka 1938, na kitabu chake cha mazoezi, *The Natural Way to Draw*, kikachapishwa mwaka 1941. Mpaka leo madarasa mengi ya uchoraji duniani huanza na zoezi hilo, kitendo kwanza, sura baadaye.

Namna ya kufanya ni rahisi kueleza. Tafuta mtu anayefanya kazi. Mstari wa kwanza utoke kichwani, upite mgongoni, ushuke hadi kwenye mguu uliobeba uzito. Mstari huo mmoja ukikosewa, hakuna kitakachouokoa mchoro. Kisha weka mistari miwili mifupi, mmoja wa mabega na mmoja wa nyonga. Utaona kwamba mtu akiegemea mguu mmoja, mistari hiyo miwili hailali upande mmoja. Bega likishuka huku, nyonga inapanda huku. Halafu ongeza uzito, yaani kichwa, kifua na nyonga kama mayai matatu yaliyotungwa kwenye ule mstari wa kwanza. Mikono na miguu iwe michirizi tu. Uso uache.

Kuna masharti mengine matatu. Chora kwa bega, usichore kwa ncha za vidole. Macho yakae zaidi kwa mtu kuliko kwenye karatasi. Na ufutio uuache nyumbani. Mie nilitumia kipande cha mkaa kutoka jikoni kwa bibi. Mkaa haukuruhusu kuchora misumari hata ukitaka.

Wiki mbili za kuharibu karatasi

Asubuhi nilikuwa naenda pale dagaa wanaposhushwa Kilindoni. Mtu akitoka majini na ndoo kichwani hapiti mbele yako zaidi ya sekunde kumi. Michoro yangu ya siku ya kwanza ilikuwa kama vijiti vya kiberiti vilivyomwagika. Ya siku ya pili hivyo hivyo. Kosa lilikuwa lile lile, nilianza na ndoo kwa sababu ndiyo iliyonivutia, na nikifika kwenye miguu mtu ameshafika kwenye mizani.

Jumamosi moja nikapanda boti pale Utende kwenda Chole. Wenye kuijua Chole wanawajua wale popo wakubwa wala matunda wanaolala kwenye miti mchana. Ni jamii ya popo wa Shelisheli na Komoro, na kwa Tanzania kwao ni huku Mafia. Kwa mwanafunzi wa mchoro wa mwendo, popo ni mwalimu mpole. Ananing'inia mahali pamoja, kwa hiyo hakukimbii, lakini hatulii. Mara anajipepea kwa bawa moja, mara anamsukuma jirani yake, mara anajifunika kama mtu aliyevuta shuka. Nilichora popo sitini siku ile. Kufikia wa arobaini hivi nikagundua kwamba nimeacha kuchora bawa na nimeanza kuchora mvuto, namna mwili wote unavyoning'inia kutoka kwenye kucha mbili. Niliporudi kwa wabeba ndoo Jumatatu nikaanza na shingo na unyayo. Ndoo ikajileta yenyewe mwishoni.

Baada ya hapo ndipo nikapata ujasiri wa kumchora babu akichonga kwa tezo.

Nieleze kitu hapa. Mie ni mtoto wa kike, na tezo sikuwahi kupewa. Kaka zangu walipelekwa bandani wakiwa wadogo, wakakataa kazi, wako Dar. Mie niliyependa kukaa pale niliambiwa nilete chai. Kwa hiyo nimemtazama babu akichonga maisha yangu yote, na nilikuwa na hakika kwamba nguvu inatoka mkononi. Kwenye simu nina video zake kumi na moja, na kwenye video zote macho yangu yalikuwa yanaufuata mkono.

Nilipomchora mara ishirini hivi, dakika moja moja, kitu kikaanza kujirudia. Mstari wangu wa kwanza ulikuwa unaanzia kisiginoni, unapinda magotini, unapanda mgongoni kama upinde. Mkono ulikuwa kipande cha mwisho na cha kivivu kabisa. Nikamchora kijana anayemsaidia, mstari wake ukakatika begani kila mara. Nikamwuliza babu. Akasema, kama mtu anayeulizwa kama maji yanalowesha, "Tezo ina uzito wake. Mie naiachia tu. Huyu anapigana nayo, ndiyo maana saa nne keshachoka."

Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia hivyo, na si kwamba alinificha. Mie sikuwa na swali.

Mkuku kwanza

Kilichonishangaza zaidi ni jinsi kazi yake inavyofanana na zoezi hili. Fundi wa mashua hulaza mkuku kwanza. Kisha husimamisha miti ya omo na tezi. Hapo chombo hakina ubao hata mmoja ubavuni, lakini fundi mwingine akipita anakwambia kama kitakwenda mbio au kitakuwa mbeba mizigo. Mataruma nayo hayapindwi kwa moto wala mashine. Fundi hutembea akitazama miti, anatafuta tawi lililopinda lenyewe kwa kiasi kinachofaa. Anaona taruma ndani ya tawi. Misumari, kalafati na rangi ni mambo ya mwisho.

Kwa hiyo nikaichora tena ile mashua. Safari hii nilitumia mistari mitatu, yaani mkuku, ubavu mahali unapotokeza zaidi, na ukingo wa juu kutoka omo hadi tezi. Dakika mbili, kengele ikalia. Nikampelekea babu. Hakucheka. Akachukua mkaa mkononi mwangu, mzee ambaye hajawahi kuchora kitu, akaukaza mstari wa ubavu kuelekea tezi, akautoa nje zaidi ya nilivyouweka mie.

"Hapa ndipo panapobeba mzigo," akasema. "Wewe umepakondesha."

Siku za mwanzo nilikuwa nimempima mashua nzima kwa tepu na kumwuliza maswali kama afisa wa sensa, naye akanijibu "inategemea" kwa kila swali. Mchoro mbovu wa dakika mbili ulimpa kitu cha kusahihisha, na katika kusahihisha akafundisha. Hiyo ndiyo faida ambayo sikuisoma popote, na ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Huko fildi tutakutana na watu wengi wanaojua mambo wasiyoweza kuyaeleza kwa dodoso. Wape mchoro wenye kosa uone.

Kwetu si jambo jipya

Kuna watakaosema haya ni mambo ya Ulaya na Marekani. Ni kweli kwamba mjadala huu ulishawahi kupita hapa kwetu. Margaret Trowell alipoanza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, hakutaka kuwaanzisha wanafunzi na mazoezi ya kishule ya kunakili vitu na miili kama ilivyokuwa Ulaya. Aliwasimulia tukio, wao wakachora kutoka kichwani. Njia hiyo ilimtoa Sam Ntiro wetu wa Kilimanjaro, ambaye mchoro wake ulinunuliwa na jumba la makumbusho la Museum of Modern Art la New York. Kisha mwaka 1958 akaja Cecil Todd, akaweka mkazo kwenye mafunzo rasmi zaidi. Sina ugomvi na Trowell. Kumbukumbu ni hazina. Ila mtu huchota alichoweka, na kizazi chetu kinachotazama kila kitu kupitia kioo cha simu kimeweka kidogo sana.

Mfano ninaoupenda ni wa Jonathan Kingdon, aliyezaliwa Tabora mwaka 1935 na kufundisha sanaa Makerere katika miaka ya 1960. Kuanzia mwaka 1971 alichapisha *East African Mammals*, kazi ya juzuu saba kuhusu wanyama wa Afrika Mashariki, na michoro ni yake mwenyewe. Kwenye kurasa zake utamkuta mnyama mmoja katika mikao mingi, anajikuna, anageuka, anaruka, kwa mistari michache ya penseli. Wanabiolojia wanaitumia kazi ile kama sayansi. Kwake kuchora kulikuwa njia ya kuuliza maswali kuhusu mnyama, kwa nini shingo yake iko hivi na mguu wake uko vile.

Watakaonipinga

Najua mtaniambia, "Dada, simu ipo." Ipo, na sijaitupa. Tena nitawapa mfano wa kwetu unaoitetea. Papa potwe wanaokuja pwani ya Kilindoni, zaidi kuanzia Oktoba hadi Machi, hutambuliwa mmoja mmoja kwa madoa ya ubavuni, nyuma ya matamvua. Mpangilio wa madoa ni kama alama ya kidole. Hapo hakuna mkaa utakaosaidia, piga picha. Lakini ukitaka kujua yule samaki anavyouzungusha mwili akila karibu na uso wa maji, picha mia za madoa hazitakuambia. Kila chombo kina kazi yake. Ninachokataa ni sisi kuwa na kimoja tu na kudhani tunavyo vyote.

Wengine mtasema hamna kipaji. Mie nilikuwa na kauntabuku nzima ya ushahidi kwamba sina. Mchoro wa mwendo hauhitaji uwe mzuri. Wangu wa babu ukiutazama hutajua kama ni babu au ni upinde wa mvua. Mie najua kilichomo, na nikiufungua najua mahali uzito ulipokuwa.

Wengine mtasema muda. Michoro kumi ya dakika moja ni dakika kumi. Foleni ya chakula kafteria ni zaidi ya hapo, na imejaa watu waliosimama kwa mguu mmoja.

Na kuna jambo la adabu ambalo halisemwi. Pale ufukweni, nikiinua simu watu wananyamaza au wanageuza uso, na wana haki. Picha zao zimeshapigwa na wageni wengi bila salamu. Nikikaa chini na mkaa, wanakuja. Wanasimama nyuma yangu, wananicheka, wananiambia "huyo si mimi, mimi sina tumbo hilo," na mazungumzo yanaanza hapo. Hata hivyo bado unamwomba mtu ruhusa. Mkaa hauondoi wajibu huo.

Tufanye nini

Naleta mapendekezo matatu kwa serikali yetu ya wanafunzi na kwa idara zetu.

Kwanza, daftari la fildi liwe na ukurasa mmoja mtupu kwa kila wiki, wa michoro ya haraka, na msimamizi aukague kama anavyokagua mahudhurio. Asitoe alama za uzuri. Aulize tu, "Hapa uliona nini?"

Pili, wenzetu wa sanaa watutoe ushamba. Saa moja kila Ijumaa jioni kwenye vimbweta inatosha. Mtu mmoja akae mikao, wengine wachore, kengele ya simu ilie. Mahitaji ni mkaa na karatasi zilizotumika upande mmoja, nazo kwenye ofisi za chuo zimejaa. Hatuhitaji kusubiri bajeti wala bumu.

Tatu, kila anayetoka sehemu yenye fundi, iwe wa vyombo, wa vyungu, wa mikeka au wa kuchonga milango, likizo ijayo akae naye dakika kumi kwa siku akichora. Kwetu boti za faiba zinaongezeka na vijana wanaoingia bandani wanapungua. Sidai kwamba michoro yangu itaokoa ufundi wa mashua. Fundi huokolewa na mwanafunzi anayeshika tezo. Lakini baada ya wiki mbili zile babu alinipa tezo nijaribu, kwa mara ya kwanza, mbele ya kijana wake. Akaniangalia magoti, hakuniangalia mkono.

Siku ya kuondoka, kabla sijapanda boti ya Nyamisati, nilimwonyesha mchoro wa mwisho wa ile mashua. Dakika mbili, mistari mitano. Akaushika mbali na macho kama kawaida yake.

"Hiki kitaelea," akasema. "Ila kitalalia kushoto."